Rangi Mbili za Bunduki ya Mngoni

Kwetu Iringa hakuna Mngoni mwenye akili timamu atakayepokea mfuko kutoka kwa Mhehe, akaenda nao mbele za watu bila kuufungua kwanza. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Kwa hiyo mimi, Benadetha, nakataa kubeba peke yangu lawama yote ya yaliyompata Fidelis. Nusu ni yake. Angefungua begi.

Kwa asiyejua: Wahehe na Wangoni ni watani. Babu zetu walipigana vita vibaya sana, na walipochoka kuuana wakaanza kutaniana. Tangu hapo Mngoni anaweza kuingia jikoni kwangu, akafunua sufuria, akala minofu yote, kisha akaniambia mboga haina chumvi, na mimi sina ruhusa ya kununa. Nami naweza kumwambia mbele ya wakwe zake kwamba kwao wanakula panya, naye akanijibu kwamba sisi tunakula mbwa. Anayezidisha anatozwa kuku, akishalipa mchezo unaanza upya. Siku tuliyomzika babu yangu kule Kilolo, Mngoni mmoja alijilaza ndani ya kaburi akasema hatoki mpaka apewe jogoo, maana marehemu alikuwa mtumwa wake na ameondoka bila kuaga. Bibi yangu, ambaye tangu msiba uingie hakuwa amemeza hata maji, alicheka mpaka khanga ikamdondoka. Kisha akaomba uji.

Sasa nitoe huko uniweke Maryland, mwaka wa tisini na nane. Nilikuwa nauza rangi kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi pale Bladensburg, kaunta ya nyuma, karibu na mashine ya kutikisa makopo. Kila mtu alikuwa mpole kwangu. Bosi wangu Lorraine, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, aliniita mpenzi asubuhi na jioni. Wateja walinitakia siku njema, hata yule aliyerudisha kopo la rangi akiwa ameshapaka nusu ya nyumba. Nililala vizuri na nilikula vizuri, lakini miaka mitatu ilipita sijatukanwa na mtu anayenipenda, na nakuambia ukweli, nilikuwa nanyauka.

Halafu Jumapili moja, kwenye misa ya Kiswahili, padri akaomba wageni wasimame wajitambulishe. Akasimama kijana mrefu mwenye suti kubwa kuliko yeye. "Naitwa Fidelis," akasema, "natokea Peramiho, Songea." Sikujua nimesimama saa ngapi. Nilisikia tu sauti yangu: "Mngoni! Jamani, ficheni panya!"

Wakenya wakadhani ugomvi. Fidelis akageuka polepole, akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni, akasema, "Ndiyo maana mbwa wa mtaa huu wote wamejificha. Kuna Mhehe."

Nililia kwa furaha pale pale kwenye benchi. Kuanzia siku hiyo kila Jumapili jioni simu ililia, na mwenzangu Jeptoo, muuguzi kutoka Eldoret niliyepanga naye Laurel, alinyoosha mkono akinipa mkonga huku akisema, "Bena, mtu wako wa matusi."

Mwezi wa kumi Fidelis akaja dukani. Hakuja kwa kelele kama kawaida yake. Alikuwa amevaa tai, begi la mazoezi begani, na alinisalimu kwa sauti ya chini kama mtu aliyekuja kukopa.

"We Mhehe, leo sikuja kwa utani."

"Mngoni akisema hivyo ujue ameiba."

"Sikiliza basi. Nimealikwa."

Fidelis alikuwa karani kwenye kampuni moja ya Laurel iliyopanga mafaili ya serikali. Kwa miaka miwili meza yake ilitazamana na ya mtu mmoja anayeitwa Wayne, na kila Jumatatu Wayne na wenzake walizungumzia waliyoyafanya Jumamosi, Fidelis akitabasamu tu kama mgeni wa harusi asiyemjua bwana wala bibi. Walichokuwa wakifanya Jumamosi ni kwenda msituni kupigana. Walikuwa na bunduki za plastiki zinazotema vigololi vya plastiki. Ukipigwa unainua mkono, unasema umekufa, unakwenda kukaa chini ya mti na kula sandwichi.

"Ni watu wazima hao?" nikauliza.

"Wana wake na watoto. Mmoja ni shemasi."

Sasa timu ilikuwa na pengo, na Wayne alikuwa amemwambia aje Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi na moja. Fidelis alishanunua na bunduki. Akafungua zipu kidogo, nikachungulia. Lilikuwa dude jeusi linalong'aa kama kiatu cha askari siku ya gwaride, mdomoni lina rangi ya chungwa.

"Hapo pa chungwa usiguse," akasema. "Ndivyo polisi wanavyojua ni ya mchezo. Lakini kwingine kote naomba unipakie. Wenzangu wote za kwao zimepakwa rangi ya msitu. Mimi nikienda na jeusi linalong'aa hivi, wataniona kutoka Virginia. Bena, pale ofisini nimeonekana vya kutosha. Nataka Jumamosi moja tu nisionekane."

Hapo nilitakiwa kusema kitu cha utani, nikakosa. Nilimwonea huruma, na huruma kwa Mngoni ni ugonjwa.

Tukaanza kuchagua rangi. Akaenda moja kwa moja kwenye vikadi vya kijani akachomoa kimoja.

"Hii ni jezi ya Yanga," nikamwambia.

"Msitu si ni kijani?"

"Kwenu Songea. Hapa mwezi wa kumi na moja msitu una rangi ya ugoro. We Mngoni, miaka miwili upo Maryland, hujawahi kuinua macho ukaona mti?"

"Mimi huona mafaili tu," akasema. "Basi nakuachia wewe. Rangi yoyote, ilimradi nisionekane."

Na mimi, nakuapia, niliifanya ile kazi kwa moyo wote. Nyuma ya nyumba zetu Laurel kuna kamsitu. Nikaenda huko nikaokota majani, si yale mazuri ya kupeleka picha nyumbani, bali yale yaliyoanguka na kulowa, kwa sababu hayo ndiyo yangekuwepo siku ya vita. Nikayapeleka dukani nikayalinganisha na vikadi mlangoni penye mwanga wa jua, maana taa za duka hudanganya. Nikapata rangi ya ugoro, na damu ya mzee iliyopauka, na manjano ya bizari iliyokaa kabatini mpaka ikasahaulika, na kijivu cha ganda la mti. Zote za kufifia, zisizong'aa kabisa. Lorraine aliponiona nimepanga majani kaunta nzima akasema, "Mpenzi, nyinyi Waafrika mna sanaa damuni." Nikamwambia ndiyo. Ningemwambia nini?

Nyumbani nikaisugua ile bunduki kwa msasa laini mpaka weusi wake ukafa, nikaipaka rangi ya msingi, kisha nikapuliza rangi moja moja nikitumia yale majani yenyewe kuziba hapa na kuacha pale. Nilifanyia kazi barazani, lakini kwa kuwa usiku kulikuwa na umande niliiacha ikauke juu ya meza ya chakula. Asubuhi nikaamshwa na kelele.

"Woi! Bena! Kuna gun kwa meza! Nani ameacha gun kwa meza yetu?"

Nilimkuta Jeptoo amelala kifudifudi nyuma ya kochi na sare yake ya kazi.

"Ni ya mchezo, Jeptoo. Ni ya Fidelis."

"Ya mchezo? Mimi nimekuja America kutafuta maisha, na wewe unaniwekea gun karibu na mkate!"

Ilipokauka nilikwenda kuijaribu. Nikaiweka chini kwenye kamsitu, juu ya majani, nikakifunga kile kipande cha chungwa kwa kitambaa nione rangi yangu peke yake. Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Nilipoinuka sikuiona. Nilizunguka pale nikipapasa majani kwa mguu mpaka nikaikanyaga, na moyo ukanijaa fahari. Sijawahi kuchanganya rangi vizuri namna ile, wala sidhani nitarudia.

Ningeishia hapo, hadithi hii isingekuwepo.

Pale dukani kulikuwa na rafu ya rangi zilizokosewa, zile ambazo mteja ameagiza, zikachanganywa, kisha akazikataa. Ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Siku hiyo kulikuwa na kopo moja la pinki, rangi ya maji. Baba mmoja aliliagiza kwa chumba cha mtoto, mtoto akazaliwa wa kiume. Ilikuwa pinki kama ufizi wa kitoto kichanga. Nikapita. Nikarudi. Nikapita tena nikijifanya nafagia.

Fikiria mwenyewe. Mngoni ameniletea kitu chake anachokipenda, kwa mikono yake mwenyewe, akaniachia wiki mbili nzima. Nikimrudishia kimepakwa vizuri tu, bila kitu, nimemwambia nini? Nimemwambia yeye ni mteja. Kumfanyia mtani wema mtupu ni kumwambia kwamba si mtani tena, na mimi nilikuwa na mtani mmoja tu katika bara lote la Amerika. Ni kweli alisema hakuja kwa utani. Alisema, na nilisikia. Lakini mtu akipanda mti na kusema hataki kuanguka, mti si bado upo?

Nikalinunua lile kopo. Ila sikuwa mjinga. Juu ya kazi yangu nzuri nilipaka kwanza mafuta ya mgando, yale ya kupaka mtoto, kila mahali isipokuwa pa chungwa. Rangi ya maji haishiki juu ya mafuta, inakaa juu kama ngozi ya maziwa. Nikapaka pinki mara mbili, na ilipokauka nikaongeza vidoa vyeupe, ipendeze. Ukichukua kitambaa na maji ya moto yote yangetoka kama ganda la yai. Mpango ulikuwa safi: Alhamisi anachukua begi, anafika kwake, anafungua, anapiga kelele mpaka majirani wanatoka, ananipigia simu, ananitukana mimi na ukoo wangu wote, nacheka mpaka mbavu ziume, namwambia achemshe maji, na Jumamosi anakwenda msituni asionekane.

Alhamisi akaja mbiombio, gari kaliacha linaunguruma nje. Nikamkabidhi begi.

"Hufungui?" nikamuuliza.

"Nakuamini," akasema, akaondoka.

Nilidhani anatania.

Ijumaa jioni nikakaa karibu na simu kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Simu ikalia mara moja, alikuwa mtu anauza magazeti. Jeptoo akanitazama juu ya sahani yake ya ugali.

"Si um-call tu umwambie?"

"Nikimwambia si utani tena. Lazima aone mwenyewe."

"Na asipoona?"

"Hakuna Mngoni asiyefungua mfuko wa Mhehe."

Jumamosi asubuhi uvumilivu ukanishinda, nikapiga. Ikaitika mashine yake: acha ujumbe. Alikuwa ameshaondoka, na begi lake, kwenda kwa Wayne na shemasi na watu wazima wenye wake na watoto, akiwa na jambo la pinki lenye vidoa vyeupe ambalo hajalitazama, kwa sababu ananiamini. Nilikaa sakafuni. Jeptoo alinijazia chai.

Jumapili hakupiga. Wala Jumapili iliyofuata. Mashine yetu ya simu ilikuwa na kitaa chekundu kinachowaka ukiwa na ujumbe, na kila nilipofungua mlango macho yalikwenda pale kwanza, nikakuta kimezimika. Nikajiambia tutaonana kwenye misa ya Kiswahili, ambayo ni mara moja kwa mwezi, pale atanisema mbele ya watu, na mimi nitapiga magoti nicheke na mambo yataisha.

Kwenye misa alinijia mwenyewe baada ya baraka. Akanipa mkono.

"Habari za siku nyingi, dada Benadetha. Ahsante sana kwa kazi ya rangi."

Dada! Nikajaribu: "Mngoni, panya wa Maryland wana mafuta? Naona umenenepa."

"Tunamshukuru Mungu," akasema. "Uwe na siku njema."

Siku njema! Kama mteja. Kama yule aliyerudisha kopo lililokwisha nusu. Angeniita mbwa mbele ya padri ningemkumbatia. Nilirudi Laurel kwenye basi nikilia waziwazi, mzee mmoja akanipa leso yake na kuniambia nisiirudishe.

"Lakini amekugreet vizuri," Jeptoo akasema nilipomweleza. "Hajakasirika. Shida ni gani?"

"Hujui. Mtani akikuheshimu, amekuzika."

"Nyinyi Watanzania mko na mambo. Enda umuombe msamaha."

"Ukimwomba mtani msamaha umekubali kwamba ni ugomvi. Jeptoo, nikifa hapa nani atalala kaburini kwangu?"

"Bena, hapa ukilala kwa kaburi ya mtu unashikwa na polisi."

"Fidelis angelala," nikasema, na kilio kikaanza upya.

Ndivyo ilivyokuwa mpaka siku moja ya Disemba. Nilikuwa natikisa rangi nyeupe ya dari, foleni ina watu wachache, mbele yao Mkongo mmoja fundi wa nyumba ambaye huja kila wiki. Nikamwona Lorraine anakuja akiongozana na mzungu mrefu mwembamba, tai yake ina picha za bata. Mzungu amebeba boksi la donati kwa mikono miwili, kama tunavyopeleka vipaji altareni. Lorraine ameweka mkono kifuani. Haya waliyosema walisema kwa Kiingereza, nakuwekea kwa lugha yetu.

"Wewe ndiye Benadetha?" akauliza mzungu. "Wa kabila la Wahehe?"

"Ndiye."

"Mimi ni Wayne. Nafanya kazi na Fidelis. Nimekuja kwa amani."

Lorraine akanishika bega. "Mpenzi, miaka yote hii, kwa nini hukuniambia kwamba uko vitani?"

Sikuelewa kitu, ila niliposikia jina la Fidelis nilizima mashine. Wayne akaweka donati kaunta akaanza kueleza. Siku ile msituni Fidelis alifungua begi mbele ya timu zote mbili, akatoa bunduki.

"Mlicheka?" nikauliza, roho mkononi.

"Hapana! Tulidhani ni mila. Shemasi alisema ni nzuri sana."

Basi Fidelis akaingia vitani na bunduki ya pinki mbele ya watu walioamua kuheshimu mila. Mchezo wa kwanza alikufa kabla kipyenga hakijaisha kulia. Wa pili vilevile. Wa tatu akaanza kutoka jasho, na ile pinki ikaanza kubanduka, ikamgandia viganjani, akajifuta usoni, ikamgandia usoni, ikashuka mpaka shingoni. Kufika saa ya kula Fidelis mwenyewe alikuwa wa pinki, na bunduki haikuwa na pinki hata chembe. Akailaza chini apokee sandwichi, mdomo wa chungwa ukazama kwenye majani. Alipogeuka, haipo.

"Haipo?"

"Haikuonekana. Tulisimamisha vita. Timu zote mbili tulitambaa bega kwa bega kwenye majani mchana kutwa, tunapapasa. Shemasi ndiye aliyeikanyaga, jua linazama. Mama, mimi nimecheza mchezo huu tangu ulipoanza hapa, sijaona rangi kama ile. Na siku ile tulivyocheka na kutambaa na Fidelis, tangu hapo hakosekani Jumamosi hata moja. Lakini nilipomuuliza nani aliyeipaka, uso wake ulibadilika. Akaniambia ukweli wote. Vita vya miaka mia moja. Wewe ni adui yake."

Wayne akanyoosha tai yake. "Kampuni ilinipeleka semina ya usuluhishi. Nikaona siwezi kunyamaza."

Nikauliza polepole, "Fidelis alisema nini hasa?"

"Alisema mila inamkataza kuzungumza nawe kwa urafiki mpaka mwanamke wa Kihehe atamke maneno ya amani mbele ya mashahidi. Alinifundisha. Nimeyakariri kwenye gari." Akafumba macho, akanyoosha mikono, akasema kwa Kiswahili, neno moja moja kama anayepanda ngazi: "Sisi Wahehe. Tulikimbia. Mpaka viatu. Vikabaki."

Kule kwenye foleni yule Mkongo akakohoa.

"Maana yake?" nikamuuliza Wayne.

"Watoto wetu wanywe kisima kimoja," akasema, macho yamelowa. "Na la pili: Mabwana zetu. Ni Wangoni. Twafua. Soksi zao. Yaani, mvua inyeshe pande zote za mlima."

Lorraine alikuwa analia kabisa sasa. Nikashika kaunta kwa mikono miwili. Niliogopa kufurahi mapema.

"Kuna jambo moja tena," Wayne akasema kwa aibu. "Sijui kama ni sawa kulitaja mahali pa kazi. Alisema bila hilo hakuna kitu. Alirudia mara nyingi. Anataka kuku."

Kuku! Mtu mliyekosana humdai kuku. Mgeni humdai kuku. Dada Benadetha wa siku njema hadaiwi kuku na mtu yeyote. Machozi yakanitoka kwa kishindo, nikamrukia Wayne shingoni, bata wa tai wakapotelea kifuani mwangu. Aliniambia, "Najua, najua, miaka mia ni mingi." Shetani mkubwa we Fidelis. Wiki zote zile za dada na tunamshukuru Mungu, kumbe alikuwa anauivisha utani wake!

Nililipa deni langu pale pale. Nilisimama mbele ya makopo ya rangi ya dari, mkono kifuani, nikatamka kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye rafu za misumari kwamba sisi Wahehe tulikimbia mpaka viatu vikabaki, na kwamba mabwana zetu ni Wangoni, twafua soksi zao. Lorraine akasema amina. Wateja wakapiga makofi. Yule Mkongo ndiye pekee aliyeinama juu ya kaunta akaninong'oneza, "Maman, mbona unajitukana hivi? Na huyu monsieur analia!"

"Nyamaza, baba," nikamwambia. "Nina furaha."

Jioni nilinunua kuku wa barafu, mkubwa, ndani ya plastiki yake. Lile kopo la pinki lilikuwa limebaki nusu. Nikampaka mafuta ya mgando juu ya plastiki, nikampaka pinki mara mbili, nikampa vidoa vyeupe. Jeptoo alisimama mlangoni mwa jikoni na kofia yake ya kazi bado kichwani, akatikisa kichwa, kisha akaniuliza kama naweza kumwongezea kuku kope. Nikamwongezea. Kesho yake Wayne akapita dukani kuchukua mzigo, nimeutia ndani ya begi. Nilimweleza kwamba mila yetu inakataza begi kufunguliwa mpaka Fidelis awe amezungukwa na ofisi nzima, wakubwa kwa wadogo, na kwamba wote wasimame. Akaupokea kwa mikono miwili.

Nilipofika nyumbani kitaa chekundu kilikuwa kinawaka. Sikuvua hata koti.

"We Mhehe!" ikasema mashine. "We mbwa mla mbwa, ukoo mzima mbwa! Nimesimama mbele ya mkurugenzi na kuku wa pinki mwenye kope! Watu thelathini wamevua kofia! Shemasi anataka tusali kwanza! Sasa nakuambia, na uandike mahali: siku utakayokufa sitaleta maua. Nitaleta godoro. Nitalala humo kaburini wiki nzima, na jogoo mmoja hatanitoa, nataka saba! Mshenzi wewe!"

Nikabonyeza ianze tena, nikamwita Jeptoo aache vyombo aje asikie ninavyotukanwa.